Kiungulia Changu na Jina la Hamadi

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata pale ninapotaka kuisahau. Ilikuwa Ijumaa, sala imekwisha, na watu wako barazani mwa msikiti wetu kule Jomvu Kuu wakitafuta viatu vyao. Mimi, kijana wa miaka ishirini na sita, nikasimama mbele yao, nikamnyoshea kidole rafiki yangu Hamadi, nikasema kwa sauti iliyokuwa imebaki mkwaruzo mtupu: "Huyu ndiye aliyenitia jicho." Hamadi alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi. Hakukivaa. Alishuka ngazi na mguu mmoja mtupu, na watu wakampisha kama wanavyompisha mwenye ndui.

Nikwambie ukweli tangu mwanzo, usije ukanionea huruma nisiyoistahili. Hamadi hakunifanya kitu. Maradhi yangu yalikuwa tumboni mwangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyalisha kwa mkono wangu. Nilipokuja kuyajua yalikuwa yameshaniharibia sauti, na hilo ni dogo. Yalikuwa yameshamharibia mwenzangu jina.

Sasa ni mzee, naishi Mishomoroni kwa binti yangu, na meno yangu yanahesabika. Nisingeyafukua haya kama si mjukuu wangu. Anauza dukani kule Nyali, na kwa miezi sasa namsikia akikohoa kila akimaliza kula, sauti inamkatika, asubuhi anajisafisha koo kama mzee mvuta kiko. Juzi nilimsikia akimwambia mwenziwe kwenye simu kwamba kuna mtu kazini hamtakii mema. Nikajisemea, hadithi hii mwanzo wake naujua, na mwisho wake naujua vilevile.

Enzi hizo nilikuwa na sauti. Siyo kujisifu, mwanangu, mtu hajisifu kwa kitu alichokwisha kukipoteza. Nilikuwa msomaji wa maulidi. Mimi ndiye niliyeanza kasida, na Hamadi akinipokea huku akilipiga tari, kingoma chake cha mkononi. Tulikuwa pamoja tangu chuo cha Kurani tukiwa watoto, ubao mmoja, fimbo moja. Tukialikwa, tulialikwa sote wawili, Kisauni, Changamwe, hata kuvuka Likoni. Hakuna aliyeniita mimi, Sudi, bila kumwita Hamadi.

Mchana nilibeba magunia ya majani chai katika ghala moja Changamwe. Kazi ile ilitaka nguvu, na nguvu zetu zilikuwa chai ya rangi, nyeusi kama lami, tangu asubuhi, juu ya tumbo tupu. Sikula kitu cha maana mpaka nirudi nyumbani jioni, nikoge, nisali isha. Hapo ndipo mama yangu, Mungu amrehemu, alipoteremsha sinia. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, pilipili ya kusaga, achari ya ndimu. Nilikula kama aliyefunguliwa kifungoni. Kisha nikashushia kahawa tungu na sigara moja, kisha nikajinyosha chali palepale mkekani, mkanda bado umenibana kiunoni. Na mama alifurahi. Kwetu sisi, mtoto wa kiume akisinzia pembeni mwa sinia, hiyo ni shahada ya mpishi.

Kiungulia kilinianza nikiwa bado kijana mdogo sana. Moto ulipanda kutoka chembe ya moyo mpaka kooni, na maji machungu yakanijaa kinywani. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na ningesema nini? Wanawake wenye mimba wakiungua hivyo huambiwa mtoto ana nywele nyingi, wakacheka, yakaisha. Sisi wengine husema "ah, kiungulia tu," kama kwamba lile neno "tu" ni dawa. Mimi dawa yangu ilikuwa magadi. Mama alikuwa nayo jikoni ya kuivishia maharagwe, nikawa naiba kipande, nakifunga katika karatasi, nakitia mfukoni. Moto ukipanda nalamba, nacheua, moto unazima, naendelea na mambo yangu. Miaka mingi nilikwenda hivyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo hakikuja, kwa hivyo nilidhani nimewashinda wahenga.

Siku moja tulisoma maulidi katika harusi, papa hapa Mishomoroni. Sauti ilinikubali siku ile hata mimi mwenyewe nikaistaajabia. Tulipomaliza, Hamadi akanikumbatia mbele za watu, akasema kwa furaha yake yote, "Wallahi Sudi, sauti hii yako haina mwenziwe kutoka hapa hata Likoni!"

Watu wakacheka, wakaitikia. Lakini mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu yetu akaguna, akasema, "Sifa bila mashallah?" Hamadi akashika kinywa, akasema haraka, "Mashallah, mashallah, nimesahau kwa furaha." Yakaisha. Mimi hata sikuyatia maanani.

Tulilala palepale kwa wenyeji, maana kulikuwa na shughuli tena kesho yake. Asubuhi Hamadi akaniambia, "Nduu yangu, jana umenitisha. Umekula, umelala, kisha katikati ya usingizi ukawa wapaliwa kama mtu azamaye. Mbona hulali mpaka chakula kishuke? Nami nakuona kila mara walamba magadi." Nikamwambia ashughulike na tari lake. Angalia, mwanangu. Aliyeniona alikuwa yeye, na aliyeniambia alikuwa yeye.

Baada ya wiki chache sauti ikaanza kunikimbia. Kwanza asubuhi tu, mchana ikarudi. Kisha ikawa hata mchana hairudi. Nilihisi kooni kama tonge lililogoma kushuka, nikawa najikohoza kutwa. Kasida ikifika juu, mimi nabaki chini. Mama akanipikia dawa ya koo: tangawizi, pilipili manga, ndimu na asali, bakuli zima kila usiku kabla ya kulala. Alinipikia kwa mapenzi, na mimi nilikunywa kwa utiifu, na kila tone lilikuwa kama mafuta ya taa juu ya moto. Nikanywa kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa sahanini. Nikafukizwa ubani. Dua ni dua, sikatai, na yaliyoandikwa katika kombe ni maneno matukufu. Lakini baada ya kombe nililetewa sinia, na baada ya sinia nikalala chali.

Ndipo maneno ya yule mzee yakaanza kutembea. Sijui nani aliyeyaanzisha. Walisema: si mnakumbuka, alimsifu bila mashallah? Walisema: nani atakayepanda nafasi yake Sudi akinyamaza, si Hamadi? Walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nami niliyasikia, mwanangu, na yalinipoza. Hilo ndilo ninaloona haya nalo mpaka leo. Mtu akiwa na maumivu asiyoyaelewa, akaletewa jina la mtu, huhisi kama ameletewa maji ya baridi. Nilikuwa nahitaji mtu wa kulaumu kuliko nilivyohitaji dawa. Na Ijumaa ile, Hamadi aliponijia barazani, kiatu mkononi, akaniuliza, "Umeamkaje na koo?" nikanyosha kidole.

Sikujua neno lina miguu mirefu kiasi kile. Wanawake wakawa wakimwona Hamadi anakuja huwafunika watoto wao kwa leso. Mtu akiwa anakula barazani, Hamadi akipita, sahani inageuzwa. Hakuna aliyemkataa waziwazi, maana sisi watu wa pwani tuna adabu hata katika ukatili wetu. Aliamkiwa, akajibiwa, akaulizwa hali ya nyumbani. Ila mialiko ikakatika. Harusi zikapita, maulidi yakapita, tari lake likabaki limeangikwa ukutani. Mkewe alijifungua, na waliokwenda kumtazama mzazi walikuwa wawili. Haukupita mwaka, Hamadi akafunga vyombo vyake, akahamia Likoni kwa wajomba zake, wakulima wa mihogo. Hakuja kuniaga. Angeniagaje?

Sauti yangu haikurudi, na hilo lingetosha kunifunza, lakini mjinga hafunzwi na jambo moja.

Aliyenifunza ni Shangazi Mwanakombo, dada yake baba. Yeye alikuwa aya hospitalini, akifua mashuka na kuwageuza wagonjwa, na madaktari wakizungumza juu ya kichwa chake kama kwamba hayupo. Alisikia mengi. Siku moja alikuja kumtazama mama, nami nimekaa ukumbini, najikohoza.

"Sudi!"

"Labeka, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Ndoo hapa, karibu yangu. Hiyo sauti ina muda gani?"

"Yapata mwaka. Nilitiwa jicho."

"Sikukuuliza nani. Chakula cha usiku wala saa ngapi?"

"Baada ya isha."

"Na walala saa ngapi?"

"Nikishakula."

"Na asubuhi kinywa chako kina ladha gani?"

"Uchungu. Na ukali, kama ndimu."

Akaona vumbi jeupe la magadi mdomoni mwa mfuko wangu, akanyosha mkono. Nikampa karatasi yenye magadi. Aliigeuza-geuza kiganjani, akaniuliza taratibu, "Na Hamadi wa watu yuko wapi sasa?"

Nikamwambia yuko Likoni. Akaniambia kesho yake nisiende kazini.

Alinipeleka kwa daktari wa koo, mjini. Kijana mmoja mpole, akanivuta ulimi kwa kitambaa, akaingiza kijioo kidogo chenye mpini mrefu, akatazama. Kisha akachukua karatasi, akanichorea. Tumbo, alisema, lina asidi kali ya kusagia chakula, na lenyewe limeumbwa kuistahimili. Pale umio unapoingia tumboni pana msuli, unafunguka chakula kipite, kisha unafunga. Msuli ukilegea, au tumbo likijazwa kupita kiasi, au mtu akijilaza kabla chakula hakijateremka, asidi hupanda. Umio ukiungua, ndicho kiungulia. Na wakati mwingine, hasa usingizini, hupanda mpaka kooni ikafika kwenye nyuzi za sauti, nazo hazikuumbwa kustahimili hata tone. Zangu zilikuwa zimevimba, nyekundu. Wapo, alisema, ambao hawasikii hata moto kifuani. Wao hukohoa tu na kukauka sauti, wakazunguka na dawa za kifua miaka nenda miaka rudi.

Nikamwuliza, "Mbona wenzangu hula kama mimi na hawaungui?"

"Kila mwili na mlango wake," akasema. "Wako ni mlegevu. Hujarogwa wala hukujitakia. Lakini ukishajua mlango ni mlegevu, huuachi wazi makusudi."

Tulipotoka, shangazi akaketi kwenye benchi la nje ya hospitali, akanikalisha kando yake. Nilidhani atanipa pole. Akasema, "Mwanangu, mimi nimefua mashuka ya wagonjwa tangu hujazaliwa. Jicho lipo, dini imesema lipo, na mimi silikanushi. Lakini nyumba yako ilikuwa yawaka moto, jirani akakwambia wanuka moshi, ukamshika yeye ukasema ndiye mchomaji. Dawa hii utakunywa na koo lako litapoa. Ya Hamadi utakunywa nini?"

Nilitazama kile kikaratasi cha daktari mpaka mistari ikachanganyika.

Basi nikaanza kujitibu. Vidonge nilivimeza asubuhi kabla ya kula, kwa muda niliopangiwa. Vidonge vilikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa kuyageuza maisha. Chakula kikubwa nikakihamishia mchana, kazini, katika bakuli la kufungwa na leso. Jioni nikala kidogo, kabla ya magharibi, na sikulala mpaka muda wa saa tatu upite. Mama alilia. Alidhani nimemchukia, au kuna mwanamke amenilisha kwingine. "Nimekukosea nini hata hutaki mkono wangu?" akaniuliza, na nilipomweleza habari ya asidi akaniambia chakula chake hakijawahi kumdhuru mtu. Shangazi akaniletea kitanda, tukaweka tofali moja moja chini ya miguu ya kichwani, ili kifua kiwe juu kuliko tumbo. Mto peke yake haufai, unakukunja tumbo tu. Nikajizoeza kulalia ubavu wa kushoto. Sigara nikaitupa. Kahawa nilipunguza kwa uchungu mkubwa, maana kahawa kwetu si kinywaji, ni kikao.

Miezi ikapita. Moto ukapungua, kikohozi kikakatika, na sauti ikarudi. Haikurudi yote. Ile ya juu kabisa haijarudi mpaka leo. Lakini ilirudi ya kutosha kusoma. Nikaalikwa katika maulidi ya mfunguo sita, uwanja umejaa, na nilipoinua kasida watu wakatoa machozi. Nilipomaliza wakanizunguka, wakasema, "Mwaona? Hamadi alipohama tu, jicho nalo likahama."

Hapo ndipo penye kosa langu, mwanangu. Ya mwanzo nilikuwa mjinga, na mjinga ana udhuru. Siku ile nilikuwa najua. Nilikuwa na mchoro wa daktari umekunjwa katika mfuko wa kanzu. Ilinipasa kusema neno moja, na nilikuwa na sauti ya kulisema. Nikatabasamu. Nikasema, "Alhamdulillahi." Uponyaji wangu mwenyewe ukawa shahidi wa uongo juu ya mwenzangu, na mimi nikazipokea pongezi.

Shangazi alisikia. Hakunijia na kelele. Alisimama mlangoni tu, buibui lake limemshuka mabegani, akasema, "Sasa hili la leo si tumbo, Sudi. Hili halina kidonge." Akaenda zake.

Nilikaa na maneno yale siku nyingi, nikijiambia nitakwenda Likoni Idi, kisha nitakwenda Rajabu. Aibu ina kalenda yake, kila mwezi una sababu. Mwishowe nikavuka.

Nilimkuta Hamadi shambani, ameinama kwenye matuta ya mihogo. Alinipokea vizuri, na hilo liliniumiza zaidi. Akanikaribisha, akaniletea maji, akaniuliza hali ya mama. Nikaona kitu nilichokuwa sikukitarajia. Kila alichokitazama Hamadi alikitangulizia neno. Kuku alipita na vifaranga vyake, akasema, "Mashallah." Aling'oa muhogo, "Mashallah." Mtoto wa jirani alipokuja kuomba moto, Hamadi akatazama chini, udongoni, akamjibu bila kumwangalia, na mdomo wake ukawa unasema mashallah, mashallah, kwa haraka, kama mtu anayelipishwa. Alikuwa hatazami tena watoto wa watu usoni. Huyo ni mtu aliyekuwa akicheka na kila mtoto wa Jomvu.

Nikamweleza yote, tumbo, asidi, kijioo. Nikamwambia, "Wewe uliniona nikipaliwa. Uliniambia. Nisamehe."

Akafuta jembe lake kwa jani, pole pole. "Nimekusamehe zamani," akasema. "Lakini Sudi, umewaambia wao?"

"Bado."

"Basi msamaha wangu ni wako wewe, wa nyumbani tu. Jina langu mimi liko barazani, pale ulipoliacha. Nenda ukawaambie, uje tule sote."

Ijumaa iliyofuata nikasimama pale barazani. Niliwaambia kila kitu, nikawaonyesha na mchoro. Nilisema Hamadi hana kosa, mwenye kosa ni mimi na sinia langu. Watu wakanisikiliza kwa adabu. Kisha nikawasikia wakishuka ngazi, wakinong'onezana: "Si alikwenda Likoni juzi? Maskini. Amelishwa dawa."

Ndiyo hivyo, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilirudia kusema, miaka kwa miaka, kila baraza iliyonipa nafasi. Wengine waliniamini. Wengi walifika mahali pa kusema, "Tuyaache hayo, yamepita." Kwangu mimi yalikuwa yamepita. Hamadi hakurudi Jomvu wala hakushika tari tena. Nilivuka mara nyingi kumtembelea, tukala pamoja, muhogo wa nazi, mchana, kidogo kidogo, naye akinichunga nisishibe sana. Alifariki huko huko. Siku ya maziko yake nilihesabu waliovuka kutoka kwetu, nikaacha kuhesabu, maana vidole vya mkono mmoja vilinitosha.

Sasa nisikilize, wewe mjukuu wangu wa Nyali, na wewe mwingine yeyote unayesoma huku umeshika kifua. Kiungulia cha mara moja baada ya pilau ya harusi hakina neno. Lakini kikikurudia kila wiki, ukaamka na uchungu kinywani, ukakohoa bila mafua, sauti ikakauka, usiseme "tu". Nenda ukatazamwe. Tonge likianza kukwama, ukikonda bila kujikondesha, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje hata kesho. Maumivu ya kifua yakikubana, yakashuka mkononi au yakapanda tayani, na jasho likakutoka, usiyaite kiungulia, huenda ni moyo, kimbia hospitali. Na hata sauti ikikauka wiki nyingi, usijipe jina la ugonjwa wewe mwenyewe kwa kuwa mimi nimekusimulia langu. Koo lina maradhi mengi, wacha mwenye kijioo atazame.

Chakula ujifunze wewe mwenyewe kinachokuunguza, maana matumbo hayafanani. Mimi ni pilipili, achari, vitu vya kukaanga, kahawa na ukwaju. Kuna jirani yangu ambaye pilipili haimtishi ila nyanya humtesa. Kula kidogo, mara nyingi. Legeza mkanda. Kitambi kikipungua, na moto hupungua. Ramadhani usiifanye kisasi cha mchana. Futuru kwa kiasi, na daku uile ukae, uisubiri alfajiri ukiwa umeketi. Dawa za maumivu, zile mnazonunua dukani kama peremende, nyingi huchoma tumbo. Vidonge vya asidi navyo usivimeze mwaka mzima kwa kusikia kwa jirani, mwulize aliyevisomea. Na magadi yaachie maharagwe. Haya maradhi, mwanangu, mara nyingi hayaponi yakaisha. Huishi nayo, kama unavyoishi na mkwe mkali, kwa heshima na tahadhari kila siku. Mimi mpaka leo kitanda changu kina matofali yake, na kila nikipanda kulala namkumbuka aliyeniambia mwanzo.

Na la mwisho ndilo kubwa. Mwili ukikuuma na hujui sababu, usimtafute mtu wa kumwekea. Jiulize kwanza ulikula nini na ulilala saa ngapi. Ukishauliza, ukatibiwa, ukapona, na watu wakakuletea jina la mtu pamoja na pongezi, likatae jina hapo hapo, mbele yao, kabla hujatabasamu. Mimi nilikuwa na nafasi hiyo mara moja tu.

Mungu akupe, mwanangu, tumbo lenye kiasi na ulimi wenye kiasi. Akupe usingizi usiokupalia na rafiki wa kukwambia unanuka moshi, nawe akupe masikio ya kumsikia. Asikujaalie kuponea juu ya jina la mtu. Na amrehemu Hamadi, ampanulie kaburi lake. Siku zote watu waliisifu sauti yangu, lakini aliyekuwa akinipokea ndiye aliyekuwa na sauti nzuri zaidi, mashallah. Sikuwahi kumwambia.